Ukurasa wa Kumi na Tisa wa Mpango wa Dharura

Jumatatu, 13 Februari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nimetoka kwa daktari. Moyo umechoka, anasema. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akasema ningekuwa trekta, angeshauri nivunjwe vipuri. Daktari huyu nilimfundisha jiografia. Ramani zilimshinda, lakini mcheshi tangu utotoni. Amenipa mpaka barafu ya ziwa itakapovunjika, na wiki mbili za nyongeza nikiacha chumvi.

Sina huzuni. Miaka themanini na minane! Mke mwema, Inga, aliyenitangulia. Binti, Lesia, anayejua kupika. Meno matano ya kwangu mwenyewe. Leo nimekula pirohi nane, zile sambusa laini za viazi ambazo mama yangu alizichemsha kila Jumatatu, nikamshukuru Mungu. Na chumvi nimetia.

Lipo jambo moja tu. Naliandika kwa mara ya kwanza.

Machi 1974. Fainali ya klabu yetu ya mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, hapa Solvik, Manitoba. Timu yangu dhidi ya timu ya Sigurjon Bardal, shemeji yangu, kaka yake Inga. Jiwe la mwisho ni letu. Mimi ni mfagiaji: jiwe linateleza juu ya barafu, mimi nafagia mbele yake lisichoke njiani. Hatua kumi kabla ya kufika, ufagio wangu ukaligusa. Kidogo tu. Kama paka anavyogusa mlango. Jiwe likapinda, likaingia katikati kabisa ya miduara ya shabaha. Tukawa mabingwa.

Mchezo huu klabuni hauna refa. Ukiligusa jiwe linalokwenda, unainua mkono mwenyewe na kusema. Mtoto wa miaka saba huinua. Mimi, mwalimu mkuu, kiongozi wa kwaya, sikuinua. Jina langu liko ukutani kwa herufi za dhahabu.

Na Sigurjon? Hakufika fainali tena maishani. Miaka arobaini na tisa analisifu jiwe lile harusini, ubatizoni, matangani. Anasema lilipinda kama limeitwa kwa jina. Anaonyesha kwa mkono. Anaweka na sauti.

Lazima aambiwe kabla sijafa. Lakini! Kwetu mchezaji akizikwa, wenzake husimama mistari miwili mlangoni mwa kanisa, wakainua fagio zikutane kama paa, na jeneza likapita chini yake. Anayetangulia mstari ni rafiki mkubwa wa marehemu. Wangu ni Sigurjon. Akikasirika, nitapita chini ya paa lenye pengo, mji mzima ukitazama.

Nataka moyo safi na fagio zote. Sioni kwa nini mtu asipate vyote viwili.

Jumatano, 15 Februari

Mkutano wa klabu. Marlis Friesen, mwenyekiti wetu, akatangaza kwamba chama cha mkoa kinataka kila klabu iwe na Mpango wa Dharura. Moto. Tufani ya theluji. Mtu kuanguka. Amonia, ile gesi ya kugandishia, kuvuja kwenye mtambo wa barafu. Nani ataandika?

Watu arobaini na mmoja tukatazama viatu vyetu. Garth Oleski, fundi wa barafu, akasema mpango tunao tayari: jambo likitokea, anapigiwa simu Garth. Marlis akamuuliza, na Garth akiwa ndiye aliyeanguka? Garth akafikiri. Akasema basi apigiwe mkewe, maana ndiye anayejua funguo zilipo.

Watu walipokuwa wanacheka, wazo likanijia. Jamani! Mpango wa dharura ni maandishi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma mpaka mwisho. Na Marlis alikuwa ameshasema kila mwanachama ataweka saini: nimesoma, nimeelewa, nimekubali.

Nimekubali!

Nikainua mkono. Watu wakanigeukia kama nimefufuka. Marlis alinishika bega, akasema Mwalimu una moyo mkubwa. Kitabibu ni kweli. Daktari ameuona kwenye picha.

Sigurjon akanuna. Alikuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea miaka thelathini, alitaka abembelezwe. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Shemeji, wewe hata mshumaa wa keki huuzimi kwa pumzi moja." Wakacheka. Nikamkumbusha ghala la akina Halldorson, ambako zimamoto yake ilifika ikamkuta mwenye ghala anachoma soseji kwenye majivu. Wakacheka zaidi.

Ushindi wangu.

Jumapili, 19 Februari

Siku nne naandika. Ajabu ni kwamba kazi imenipendeza. Sikujua klabu yetu inaishi kwa kudra.

Ukurasa wa nne: wenye funguo. Nimehesabu kumi na mmoja, wawili wao marehemu. Ukurasa wa sita: anayezungumza na gazeti ni Marlis peke yake. Garth asisogee karibu na kamera. Ukurasa wa saba: moyo wa mtu ukisimama. Makasi ya kukatia nguo, mashine ya kushtua moyo, nani abonyeze kifua na nani aite gari la wagonjwa. Huu nimeuandika kwa mapenzi ya pekee. Ukurasa wa tisa: dalili za aliyevuta gesi. Macho kuwasha, kikohozi, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Msibishane naye, nimeandika. Anayosema msiyatie maanani. Mfunikeni blanketi, apelekwe hospitali.

Ukurasa wa kumi na moja: mahali pa kukusanyika. Nimeweka maegesho ya kusini. Gari langu huwa pale, na miguu yangu si ile.

Kisha ukurasa wa kumi na tisa. Kiambatisho D, Mambo Mengineyo. Kati ya orodha ya balbu za akiba na namba ya fundi bomba nimeandika hivi: "Katika fainali ya mwaka 1974, D. Pashkiwsky aliligusa jiwe la mwisho kwa ufagio wake na hakusema. Anasikitika."

Jina langu limekaa vizuri sana pale. Kama sindano ndani ya gunia la ngano.

Fikiria! Sigurjon atatia saini kwamba amesoma, ameelewa na amekubali. Siku nikifa na mbele ya Mungu nikiulizwa, nitaonyesha saini.

Lesia akachungulia, akauliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni dawa mpya.

Jumanne, 21 Februari

Siku ya saini. Karibu wote wamepita darasani kwangu. Najua nani hasomi. Hakuna aliyeniangusha! Garth alitia saini huku anakula mkate, jina lake limeshika siagi. Mama mmoja aliuliza kama hii ni kadi ya rambirambi, na ya nani. Dakika kumi, saini arobaini, na mimi nikiwemo.

Ikabaki moja.

Sigurjon akavaa miwani. Akageuza jalada. Akasema mkuu wa zimamoto hatii saini kitu ambacho hajakisoma. Nikamwambia ni maneno ya kawaida tu, shemeji, usichoshe macho. Akasema macho yake yanataka ukurasa mmoja kwa siku, kwa kioo cha kukuzia, baada ya uji wa asubuhi. Ataanza kesho. Akautia mpango ndani ya koti, akafunga zipu mpaka kidevuni.

Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni. Nimerudia kuhesabu. Ukurasa wa kumi na tisa utaangukia Jumapili, tarehe 12 Machi.

Nimempigia daktari kumuuliza kama yawezekana niondoke kabla ya tarehe 12. Akaniambia nipumzike.

Jumamosi, 25 Februari

Nimekwenda kwa Sigurjon na bakuli la pirohi. Yuko ukurasa wa nne. Ana kalamu nyekundu! Mimi, niliyeshika kalamu nyekundu miaka thelathini na minne, nasahihishwa na muuza mbolea mstaafu!

Akanisomea kwa sauti. "Hapa umeandika wanachama watatoka kwa utulivu. Wanachama gani hao, shemeji? Umewaagiza kutoka wapi?" Akapiga mstari.

Nikamwambia nimeleta toleo jipya, kurasa kumi na nane tu, jepesi kwa macho. Akasema ameshalizoea hili. Nikamsifu, nikamshauri aruke viambatisho, ni balbu tupu. Akasema balbu zimeunguza nyumba nyingi.

Alipokwenda msalani nikachukua kisu cha siagi niung'oe ukurasa ule. Haung'oki! Ameushona mpango wote kwa uzi wa nyavu, kwa sababu gundi yangu, anasema, ilikuwa ya shule ya chekechea. Akarudi akanikuta nimeinamia Mpango wa Dharura na kisu mkononi.

Nikasema nakata keki.

Akasema, "Keki iko jikoni, mzee."

Tukala keki. Ile ya kwao ya tabaka saba, yenye plamu. Nzuri kupita kiasi. Alinikatia kipande cha kona kwa sababu anajua ndicho nikipendacho.

Jumanne, 28 Februari

Balaa! Majibu ya vipimo. Moyo umepata nafuu. Daktari hajui kwa nini, anadhani ni kwa sababu nimepata shughuli. Anasema naweza kuliona jua la Julai. Lesia alilia kwa furaha. Mimi pia nililia.

Jumapili, 5 Machi

Naandika nikiwa kitandani hospitalini. Nina nguvu, tatizo hakuna anayeniamini.

Jana ilikuwa mashindano ya wazee. Saa nane na robo mchana king'ora kikalia. Amonia! Harufu kama paka elfu moja wamekojoa kwenye limau. Ukurasa wa pili wa mpango, kwa mkono wangu: acheni kila kitu, tokeni.

Tulifanya nini? Kwenye njia ya pili jiwe la mke wa Garth lilikuwa bado linakwenda. Na Solvik mtu haondoki jiwe likiwa linakwenda. Tukasubiri. Lilikuwa jiwe la polepole. Likasimama. Ukazuka ubishi ni jiwe la nani lililo karibu zaidi na katikati. Wakaleta kipimo. Wakapima!

Kisha mikono. Mchezo kwetu hauishi mpaka kila mchezaji ampe mkono kila mpinzani na kumwambia mchezo mzuri. Njia nne, wanne kwa wanne. Watu wanakohoa, machozi yanamwagika, na bado wanashukuriana. Mzee mmoja aliona machozi ya mpinzani wake, akamkumbatia, akamwambia asisikitike, ni mchezo tu. Mama wa jikoni alirudi mara mbili, mara ya kwanza kwa keki, ya pili kwa kisu chake. Marlis alipiga kelele mpaka sauti ikakata. "Tokeni! Nyie watu, tokeni! Mtapeana mikono mbinguni!"

Siwezi kuwalaumu. Mimi mwandishi wa mpango nilipeana mikono na watu watano.

Nje nikaongoza njia kuelekea maegesho ya kusini, kama ilivyoandikwa. Watu wakanifuata. Ndipo nikasikia ngurumo. Sigurjon amepanda juu ya rundo la theluji, mpango kwapani, uso mwekundu. "Nyie! Upepo unatoka kaskazini! Anayetaka kukaushwa kama samaki amfuate Mwalimu! Wengine wote huku kwangu, magharibi, kanisani! Haraka!"

Asubuhi ile ile alikuwa amesoma ukurasa wa kumi na moja. Maegesho yangu ameyafuta kwa kalamu nyekundu.

Wote wakamfuata. Mimi pia. Tulipofika mlango wa kanisa la Kilutheri nikageuka. Ukungu mweupe ulikuwa umelala juu ya maegesho ya kusini, chini chini, umefunika gari langu mpaka vioo. Pale pale ambapo ningewapanga watu arobaini wahesabiwe. Sina mzaha wa kuandika hapa. Nilisimama nikatazama mpaka mtu akanivuta kwa mkono.

Garth alivaa kinyago, akafunga vali, akatoka anakohoa na kuuliza jiwe la mkewe lilipimwa vipi. Marlis akahesabu. Arobaini na mmoja. Hakuna aliyekosekana.

Tukakaa chumba cha chini cha kanisa kusubiri ruhusa ya zimamoto. Na Marlis, kwa sauti iliyobaki, akasema ni aibu kwamba mtu mmoja tu kati yetu ameusoma mpango. Basi tutausoma sasa hivi, wote, mpaka mwisho. Akauchukua kwa Sigurjon. Akaanza.

Ukurasa wa kwanza. Wa tano. Watu wanasikiliza kama watoto! Wa kumi. Wa kumi na tano. Jasho. Wa kumi na saba. Nikaomba tupumzike tunywe supu. Wakaninyamazisha. Wa kumi na nane.

Nikaanguka. Kwa makusudi. Nilishika kifua, nikateleza kutoka kitini taratibu, nikachagua upande wenye zulia.

Sikufikiri vizuri. Nusu saa kabla walikuwa wamesomewa ukurasa wa saba. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Solvik, kila mtu alijua la kufanya. Makasi! Garth akaikata sweta yangu ya klabu kutoka kiunoni mpaka shingoni, kwa mkato mmoja, kama anachuna sungura. Mashine ya kanisa ikafunguliwa. Sigurjon akapiga magoti, akaniwekea viganja kifuani. Viganja kama majembe. Akaanza kuhesabu.

Nikafumbua macho. Nikapiga yowe. "Usinibonyeze! Niligusa jiwe! Sabini na nne! Ufagio wangu uliligusa jiwe!"

Viganja vya Sigurjon vikasimama hewani.

Halafu Marlis akasema taratibu, kwa huruma: ukurasa wa tisa. Maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Na chumba kizima kikaitikia kama sala: gesi.

Nikaapa. Wakanifunika blanketi. Nikaapa tena. Blanketi la pili. Nikamwambia Sigurjon ni kweli, jiwe lile, ufagio wangu! Akanifuta paji la uso kwa leso yake. "Nyamaza, shemeji. Hukugusa kitu. Nilikuwepo." Macho yake yalikuwa yamelowa, na si kwa amonia.

Nimeandika mpango mzuri mno.

Alhamisi, 9 Machi

Bado hospitali. Hawajaona kitu, wanatafuta. Sigurjon anaendesha kilomita arobaini kila siku kuniletea kahawa kwenye chupa. Anakaa, anatoa kioo chake, anasoma ukurasa wa siku. Leo wa kumi na sita. Amewahadithia wauguzi wa zamu zote jiwe la 1974. Mmoja alimwomba arudie.

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Nikafungua mdomo. Akaniuliza kama nataka sukari. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 12 Machi

Alikuja saa nne. Akamimina kahawa. Akafungua mpango.

Balbu za akiba, akasoma, wati sitini, dazeni mbili. Kisha kioo kikabaki pale pale. Kikarudi nyuma mwanzo wa mstari. Kikaenda tena.

Nilihesabu vigae vya dari. Vipo arobaini na vinne.

Nikasema si gesi.

"Najua si gesi," akasema. "Ina namba ya ukurasa."

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Akasema kombe hakulitaka kihivyo, kombe lenyewe la bati. Akasema miaka yote hii aliamini kwamba alishindwa na jiwe zuri kuliko yote yaliyowahi kuteleza Manitoba, na kushindwa na kitu kama kile ni heshima, mtu anaweza kuishi nayo na kuisimulia. "Kumbe nilishindwa na mwalimu asiyejua kushika ufagio."

Akakunja miwani. Mlangoni akageuka. "Na ulitaka nitie saini, shemeji. Mimi. Nitie saini bila kujua."

Akaondoka. Kahawa yake hakuinywa. Nilisikia hatua zake mpaka mwisho wa korido, polepole, za mzee. Sikuwa nimegundua kwamba naye amezeeka.

Fagio sikuzifikiria hata mara moja. Naliandika hilo kwa sababu limenishangaza.

Jumatano, 15 Machi

Nyumbani. Sigurjon hajaonekana. Nimemwandikia barua, nikaichana. Ya pili ilikuwa na utangulizi. Ya tatu na tanbihi. Lesia akazikusanya, akaniuliza kwani baba huwezi kupiga simu kama watu?

Nilifikiria kujifanya nakufa. Lakini hilo nimeshalitumia.

Nikapiga. Akapokea. Nikasema nisamehe, Sigurjon. Sikuongeza neno. Akasema yuko kwenye kitabu cha sheria za mchezo, asisumbuliwe. Akakata.

Sheria gani?

Jumamosi, 18 Machi

Siku ya kufunga msimu. Vali mpya imewekwa, jengo limekaguliwa. Wiki mbili mtambo umezimwa na barafu haikuyeyuka hata kidole, baridi ya Manitoba imeilinda bure. Marlis alinifuata kwa gari, akaniingiza kwa kiti cha magurudumu. Akasema Sigurjon ameagiza. Hakusema zaidi, ila alikuwa ananiangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia yeye zamani akipitisha kikaratasi darasani.

Wote walikuwepo. Sigurjon amesimama juu ya barafu na kitabu. Akawasomea ukurasa wangu wa kumi na tisa, neno kwa neno, pamoja na balbu. Safari hii hakuna aliyesema gesi. Garth akasema lahaula. Baadaye akasema kumbe ile sweta alikata bure.

Kisha Sigurjon akaeleza sheria, kwa sauti ya kikosini. Mfagiaji akiligusa jiwe la timu yake karibu na miduara, anainua mkono. Na nahodha wa upande wa pili ndiye anayeamua jiwe litolewe au libaki. "Nahodha wa upande wa pili nilikuwa mimi. Nimenyimwa zamu yangu miaka arobaini na tisa. Leo naitaka. Haya, msukumeni."

Wakanisukuma mpaka mahali penyewe. Hatua kumi kabla ya miduara. Napajua. Nimepaota mara nyingi.

"Inua," akasema.

Jiwe letu lina kilo kumi na tisa. Mkono wangu ulikuwa mzito zaidi. Nikauinua. Nikasema, "Nimeligusa." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Sigurjon hakuharakisha. Alitembea akaizunguka miduara, akaitazama barafu tupu pale katikati, akatazama mawe yake ambayo hayapo. Akachuchumaa kadiri magoti yalivyomruhusu. Nilisikia Garth akinong'ona, nani atamwinua sasa? Alikaa hapo muda mrefu. Aliliona, naapa. Aliliona jiwe.

Akasimama mwenyewe.

"Libaki," akasema.

Akaja akanipa mkono. "Mchezo mzuri, shemeji." Nikamshika tu mkono, na yeye hakuutoa.

Mtu mmoja akauliza supu iko tayari? Ikawa ndiyo hotuba ya kufunga. Sigurjon aliuweka mpango juu ya mgongo wa kiti changu akatia saini, ya arobaini na moja, na tarehe, na cheo chake cha zamani. Marlis ametangaza kifungu kipya cha ukurasa wa pili: ikitokea amonia, kupeana mikono kutafanyika nje. Kilipita baada ya mabishano ya dakika ishirini. Kura tatu zilikipinga.

Jumatatu, 20 Machi

Nimelala saa kumi mfululizo. Matone ya kwanza yanadondoka kutoka kwenye paa. Mwili mwepesi, mkate mtamu, hata dawa ina ladha. Hivi ndivyo alivyo mtu asiye na siri! Laiti ningejua mapema. Nimeapa mbele ya picha ya Inga kwamba siku zilizobaki, ziwe nyingi au chache, nitaishi peupe.

Mchana Sigurjon akaja na karata. Tukacheza ule mchezo wa kusogeza vijiti kwenye ubao wa mashimo kwa alama za karata, anayetangulia kufika mwisho ndiye mshindi. Alikuwa ameniacha mbali. Akainuka kwenda kutazama birika.

Kijiti changu kikasogea mashimo mawili.

Sijui ilikuwaje. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliutazama ukienda.

Nikashinda kwa shimo moja. Sigurjon akapiga meza kwa kicheko, akasema karata ile ya mwisho niliicheza kama bingwa, akataka nimwonyeshe tena nilivyoishika. Jumapili ya Pasaka atawahadithia ukoo mzima.

Nitamwambia, bila shaka. Si leo. Leo ana furaha.

Chama cha mkoa sasa kinataka kila klabu iandike na mpango wa mafuriko, kabla mto haujajaa. Nimempigia Marlis simu. Nimemwambia asihangaike kutafuta mtu, aniachie mimi. Na kwa usalama wa wanachama, nimemwambia, usipungue kurasa thelathini.